Matufaha ya viungo kwenye sufuria, bila kuyageuza uji

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaopika matufaha jikoni ni kutia maji mwanzoni. Tufaha lenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Lipe sukari, moto mdogo na kifuniko, litatoa sharubati yake lenyewe, tena yenye ladha. Ukilimwagia maji ya bomba unapata vipande vilivyochemka na mchuzi mwepesi usio na maana.

Kwenye aina ya tunda mimi ni mbishi kidogo. Nachukua Granny Smith, yale ya kijani makali, ambayo masokoni Dar es Salaam huyakosi na mengi yanatoka Afrika Kusini. Kinachoshikilia nyama ya tunda isisambaratike ni pektini, na pektini hukawia kuyeyuka penye asidi. Golden Delicious nayo inasimama vizuri motoni, ila kwa kuwa ni tamu iongezee ndimu. Tufaha lililolala dukani hadi likawa la ungaunga, achana nalo. Hilo ni la kupondea watoto.

Kwa matufaha 4 makubwa natumia samli vijiko 2 vya chakula, sukari vijiko 3, maji ya nusu ndimu na chumvi ya kubana kwa vidole. Menya, ondoa mbegu na kile kigumu cha katikati, kata vipande vinene kama kidole gumba, kisha vikamulie ndimu palepale visije vikabadilika rangi.

Sasa viungo. Harufu ya mdalasini na karafuu imo kwenye mafuta yake, na mafuta hayo huyeyukia kwenye samli kuliko kwenye maji. Ndiyo maana viungo vizima vinatangulia: kijiti cha mdalasini, karafuu 3, iliki 2 zilizopasuliwa. Samli iwe ya moto wa wastani, isitoe moshi, na nusu dakika inatosha. Mdalasini wa kusaga usithubutu kuutia hapo, utaungua uwe mchungu, ngoja mwishoni. Karafuu usizidishe, maana ikizidi chakula kinanuka dawa ya meno. Ya Pemba au Unguja iliyo nzuri ukiibonyeza kwa ukucha inaacha mafuta kidoleni. Iliyokauka kabisa haiachi kitu, na hiyo hata utie 10 ni kazi bure. Mdalasini nao utazame: ule mwembamba wenye matabaka mengi yaliyojikunja pamoja unavunjika kwa mkono na ni mpole, ule mnene, mgumu kama gome la kuni, ni mkali zaidi, hivyo weka nusu kijiti.

Matufaha yakishaingia, geuza yapate samli, nyunyiza sukari na chumvi, funika, moto mdogo kabisa. Usiukimbize. Kwenye nyuzi 60 hivi tunda lina kimeng'enya kinachoikaza pektini, kwa hiyo vipande vinavyopata joto polepole haviporomoki kirahisi baadaye. Jiko la mkaa linafaa sana kwa hili ukipunguza makaa. Baada ya dakika 8 au 10 utakuta sharubati imejaa chini. Funua, pandisha moto kidogo, na badala ya kukoroga tikisa sufuria; mwiko ndio unaovunja vipande. Kisu kikipenya kipande huku kikisita kidogo katikati, epua, kwa sababu joto lililobaki litamalizia.

Sharubati ikiwa bado nyepesi, opoa matufaha kwanza, ichemshe peke yake mpaka iache mstari ukipitisha kijiko, kisha yarudishe. Hapo ndipo nakuna kungumanga kidogo juu.

Mimi huyala na mtindi mzito wa baridi, au chapati za maji zikitoka motoni. Yakibaki yanakaa kwenye friji siku 3 hivi, lakini toa karafuu na mdalasini kabla ya kuyahifadhi, la sivyo kesho yake utakula karafuu tu.