Saratani ya kinywa na koo ikifika kwenye mifupa: maswali na majibu

Baba alitibiwa saratani ya ulimi. Sasa mgongo unamuuma, sisi tunasema ni kuokota korosho. Tunakosea?

Huenda mko sahihi. Msimu ukianza, huku Mtwara, Newala na Tandahimba, kila nyumba ina anayelalamikia kiuno. Lakini maumivu ya kuinama hupungua mtu akijilaza. Ya mfupa ulioingiwa na saratani huzidi usiku, hung'ang'ania pale pale, na wiki hadi wiki yanaongezeka. Mzee akiwa hivyo, mpelekeni hospitali, na neno la kwanza kwa daktari liwe: "Huyu aliwahi kutibiwa saratani ya ulimi." Msipolisema, mtarudi na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, tu.

Ya ulimi inafikaje mgongoni?

Kupitia damu. Kwa kawaida huanza kwenye tezi za shingo, na ikienda mbali mara nyingi hutua kwenye mapafu. Kufika kwenye mifupa ni nadra zaidi.

Tumchue kwa mafuta ya moto?

Nawasihi, msimchue. Saratani hula mfupa kwa ndani, na pingili ya mgongo iliyolika inaweza kuvunjika kwa kukandamizwa tu. Miguu ikilegea, ikifa ganzi, au akishindwa kukojoa au kuzuia mkojo, neva za uti wa mgongo zinabanwa. Hiyo ni dharura. Msingoje kuche, maana akichelewa anaweza asitembee tena.

Eksirei ilionekana safi.

Haitoshi. Eksirei huona pale mfupa umeshapoteza sehemu kubwa ya madini yake. Maumivu yakiendelea, ulizeni kuhusu CT skani au MRI, vipimo vya picha vinavyoona zaidi ya eksirei. Anzieni Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo.

Kuna tiba, au ndiyo basi?

Ikishafika kwenye mifupa, mara nyingi haiponi kabisa. Maumivu yanatibika, na hili familia nyingi haziambiwi. Mionzi, wakati mwingine ya siku moja tu, hutuliza wengi. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, inaitoa. Zipo pia dripu za kuimarisha mifupa. Mofini ya kunywa msiiogope: ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimwui mgonjwa, inampa usingizi alioukosa. Huleta choo kigumu, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha.

Safari ya Dar kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500. Kabla ya kupanda basi, hakikisheni mna barua ya rufaa, majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara) na karatasi za matibabu ya kwanza.