Mbele ya kununua logisyeli ya kuchagula bakandida, ijaribieni na dosiye za hapa Lubumbashi

Mu Lubumbashi, sosiete ikitangaza kazi, hata kazi moja tu ya shofere, ma CV inaanza kuanguka toka kila upande: ingine ku imeli, ingine ku WhatsApp ya mama wa RH, ingine mu anvelope kaki kwa sentineli pa mulango, na ingine inaletwa na shemeki ya direktere mwenyewe. Kisha juma mbili hakuna muntu anajua tena nani alituma nini, nani aliitwa, nani alijibiwa. Njo hapo bantu banaanza kutafuta logisyeli ya kufwata bakandida, ile benye kuizoea banaita ATS, na njo hapo pia benye kuuzisha banafika na demo zabo za kungaa. Shiye tunafundisha kazi ya biro na informatiki, na swali tunaulizwa kila mara ni moja: tukamate gani? Mi naona ile swali inakuya mapema sana. Mbele muulize hivi: dosiye ya muntu wa hapa, vile iko kweli, ikiingia mule mu mashini, itatoka namna gani?

Kwanza tusikilizane juu ya kazi yake. ATS inachunga ma CV yote fasi moja, inaonyesha kila kandida amefika wapi (amepokelewa, amechujwa, amefanya teste, ameitwa kwa kuongea, amepewa kontra), inatuma majibu kwa bantu bengi mara moja, na inakumbuka nani mu servisi yenu aligusa dosiye na siku gani. Basi, uchawi hakuna. Ile ya mwisho, kukumbuka nani aligusa, bantu banaipita haraka lakini mi naipenda kupita zote, juu mambo ya branshema mu muji huu tunayajua bote: logisyeli haitazuia shemeki kupita, lakini itaandika kama dosiye yake iliruka teste, na nani aliirusha. Kama mwenye kuuzisha hawezi kukuonyesha ile historia, ao kama chef anaweza kuifuta kwa klike moja, muendelee kutafuta.

Sasa majina. Logisyeli mingi ilitengenezwa Marekani ao Ulaya, na formilere yake iko na fasi mbili: prenom na nom. Shiye tuko na tatu. Tangu 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya kizungu, postnom iliingia mu makaratasi yote, na hata kisha prenom kurudia, postnom haikutoka. Donc kandida akifika ku formilere ya fasi mbili anafanya vile anaweza: leo anaandika Ilunga ku nom na Kasongo ku prenom, mwezi ujao anageuza, ama anaweka prenom yake ya batizo na kuacha postnom, na mashini inamuhesabia bantu babili ao batatu. Mutaona ba Ilunga ba Kasongo mingi sana mule ndani na hamutajua ni nani na nani. Bengine banasema tumia namba ya telefone kusudi kutenganisha bantu, ni vizuri, lakini muntu wa hapa anatembea na sim mbili ao tatu, na namba moja anaiandika leo na 0 mbele, kesho na +243. Muulize kama logisyeli inajua kuwa zile mbili ni namba moja. Iko logisyeli ya bei kali haijui.

Kuko na diplome tena. Mu lisiti yao utakuta bachelor, master, doktora. Wapi diplome d'État? Wapi A2? Wapi gradua? Na mambo ilizidi kuwa magumu tangu mufumo wa LMD (lisansi, master, doktora) ulienea mu ma iniversite yetu mu mwaka wa masomo 2021-2022: ku mufumo wa zamani lisansi ilikuwa miaka 5, yaani 3 ya gradua na 2 juu yake, lakini lisansi ya LMD ni miaka 3. Basi kama mu logisyeli munaandika paka "lisansi", muntu wa miaka 5 na muntu wa miaka 3 banaonekana sawa sawa, filtre inabapitisha bote, ao mubaya kupita, chef anaomba "master" na ingenieri wa zamani wa Polytechnique ya UNILU anatupwa inje bila muntu kumusoma. Dawa si ngumu, logisyeli ikubali muandike lisiti yenu yenyewe na muongeze fasi ya miaka ya masomo. Ikikataa, bei nzuri haitasaidia kitu.

Na CV yenyewe. CV mingi ya hapa inapigwa ku sekretariati ya njiani, pembeni ya iniversite ao kule ku komine za Kenya na Katuba, na tablo, rangi, foto ku kona, kisha muntu anaipiga foto na telefone, anaigeuza PDF, anatuma. Kwa macho ni CV, kwa mashini ni picha tu. Ile kazi banaringia mu demo, kusoma CV peke yake na kujaza fasi zote, inafanya vizuri na maandishi ya kweli yenye kupangwa mu kolone moja. Ukimupa kolone mbili anachanganya, ukimupa picha anahitaji kwanza programu ingine ya kugeuza picha kuwa maandishi, na foto ikiwa na kivuli hata ile inashindwa. Mu demo hautaona ile, juu banakuya na CV zao safi. Kwa hiyo muchagule dosiye 20 ao 30 za kampanye yenu ya mwisho, muchanganye mizuri na mibaya, mufiche majina na manamba, museme: tia hizi mbele yetu, sasa hivi. Muhesabu ngapi zimeingia sawa. Kwa maoni yangu ile jaribio ya saa moja inapita brosha zote.

Tena siku hizi kila mutu anauzisha akili bandia: logisyeli itakupangia bakandida toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Hapa mi niko mugumu. Amazon walianza 2014 kutengeneza mashini ya kupima ma CV, waliifundisha na ma CV ya miaka 10 iliyopita, na juu wengi mule walikuwa banaume, mashini ikajifunza kushusha CV yenye kutaja mambo ya banamuke, hata kikundi tu cha banamuke cha kucheza chess; waliiacha, na habari ilitoka ku Reuters mwezi wa 10 mwaka 2018. Sasa fikiria ma CV ya miaka 10 ya sosiete ya mine huku Katanga, kazi za mashini kubwa na za mekaniki, banamuke bangapi mule? Mashini itajifunza ile ile. Umoja wa Ulaya, mu sheria yao ya akili bandia ya 2024, wameweka kazi ya kuchagula bakandida mu kundi la hatari kubwa. Itumieni kwa kutafuta, kwa kupanga tarehe, kwa kuandika majibu, lakini kukataa muntu kufanywe na muntu mwenye jina.

Juu ya sheria ya kwetu, bengi hawajui kuwa tuko na Kode ya numeriki, ordonansi-sheria 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, na inagusa habari za bantu zenye kuchungwa mu mashini. Dosiye ya kandida iko na karte ya uchaguzi, tarehe ya kuzaliwa, saa ingine mpaka karatasi ya munganga. Muulize ma server iko inchi gani, nani anaweza kufungua, na kisha muda gani CV ya mwenye hakukamatwa inafutwa. Karatasi ya munganga, kwa maoni yangu, isiingie hata kidogo mbele ya muntu kukubaliwa.

Swali ya kutoka bantu banaisahau. Google walikuwa na logisyeli ya namna hii, Hire, walianza kuiuzisha 2017, na tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka 2020 wakaifunga. Google! Donc mbele ya kutia sinyatire, muombe muone vile dosiye zote zinatoka, na ma CV yenyewe pamoja na historia, hapana paka tablo ya majina mu Excel.

Bei nitaipita haraka. Mingi inalipwa kwa mwezi kwa kila muntu mwenye kuitumia, kwa dola, na karte ya benki. Kwa sosiete za sutretansi, zile ziliongezeka tangu sheria ya 2017 yenye kuachia Bakongomani ile soko, ile namna ya kulipa ni hasara: zinakamata bantu 60 mara moja kwa kontra ya Likasi ao Kolwezi, kisha miezi inapita bila hata tangazo moja na munalipa tu. Kuko za bule, OpenCATS kwa mufano, na Odoo Community iko na sehemu ya kuchagula bakandida na inaongea kifaransa, lakini bule inaomba fundi wa kuchunga server, na kuran ikikatika server ya biro inalala pamoja na nyinyi. Kwa bakandida wanaotumia mega za telefone, formilere iwe nyepesi, isiombe waandike tena kila kitu CV inasema, na majibu yatoke kwa SMS, juu imeli bengi banaifungua paka siku ya kutuma CV.

Siku ya jaribio, direktere asiketi mbele ya mashini. Muketishe ule dada wa sekretariati anayepokea anvelope kila asubui, mumupe zile dosiye 20, mwenye kuuzisha anyamaze, na muandike kila fasi anasimama kuuliza.