Kathedrali ni nini hasa? Tuanzie kwenye kiti

Watu wengi wakisikia kathedrali wanawaza kanisa kubwa la mawe, minara mirefu na vioo vya rangi, na siwalaumu maana mengi yako hivyo, lakini ukubwa sio kigezo kabisa. Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, kathedra, yaani kiti. Ni kile kiti cha askofu anachokalia akifundisha na kuongoza jimbo lake, yaani eneo la kanisa analolisimamia, basi kanisa lenye hicho kiti ndo kathedrali, hata liwe dogo la mabati, na lisilo nacho sio, hata ligonge mawingu. Pale Ulm, Ujerumani, kuna kanisa mnara wake unapita mita 161 na halijawahi kuwa kathedrali. Hata kanisa la Mtakatifu Petro pale Vatikani sio kathedrali ya Papa, yake ni Laterano, kanisa lingine hukohuko Roma.

Mimi hii dhana niliielewa vizuri kupitia kathedrali ya Köln, mji wa Ujerumani. Mwaka 1164 askofu mkuu Rainald von Dassel alileta kutoka Milan masalia yanayoaminika kuwa ya wale Mamajusi watatu, mahujaji wakaanza kumiminika, kanisa la zamani likaonekana halitoshi, alafu mwaka 1248 likashika moto, na tarehe 15 Agosti mwaka huohuo askofu mkuu Konrad von Hochstaden akaweka jiwe la msingi la jipya. Sehemu ya altare ilibarikiwa 1322, wakaiziba kwa ukuta upande wa nyuma ili ibada ziendelee huku mafundi wakijenga kwengine.

Sasa cheki hapa. Mwaka 1288 wenyeji wa Köln waliungana na maadui wa askofu wao wakampiga vitani Worringen, toka hapo maaskofu wakawa wanaishi nje ya mji, Bonn na Brühl huko, ila kiti kilibaki palepale kwa hiyo kathedrali ikabaki kathedrali. Karne ya 16 ujenzi ukasimama, pesa hakuna na hamu imeisha. Juu ya mnara wa kusini ambao haukufika hata nusu pakabaki winchi la mbao, lile la kuendeshwa na watu wanaokanyaga ndani ya gurudumu, na likakaa pale juu karne baada ya karne, watu wanazaliwa wanazeeka wanaliona lilelile, hadi kwenye picha za kuchora za mji utaliona limejiinamia.

Kilichoiondolea jina ni kitu kingine. Wanajeshi wa Ufaransa waliingia 1794 wakaligeuza ghala, na 1801 jimbo lenyewe likafutwa. Jengo lilelile, mawe yaleyale, ila halina askofu, likawa kanisa la parokia tu! Jimbo lilirudishwa 1821 na kathedrali ikarudi kuwa kathedrali wakati minara bado haijakamilika, ujenzi wenyewe ulianza tena 1842, lile winchi likashushwa 1868, wakamaliza 1880 kwa mita 157, miaka 632 toka jiwe la kwanza.

Na ukiwasikia Wakatoliki wanasema jimbo fulani liko wazi, askofu kafariki au kastaafu na mwingine hajapatikana, kilicho wazi ni hichohicho kiti.