Kubuni ndani ya gari la kwenye gemu: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

Ukitaja shindano la kubuni ndani ya gari la kidijitali, yaani siti, dashibodi, usukani na vioo vya gari linaloendeshwa kwenye gemu, Kigoma utaulizwa mambo mawili: zawadi ni shilingi ngapi, na kompyuta zitatoka wapi. Ni maswali ya haki. Ila mashindano ya namna hii hayafi kwa kukosa zawadi nono. Yanakufa kwa masharti mabovu, na masharti huwa mabovu kwa sababu aliyeyaandika anaamini mambo ambayo si kweli.

"Bila kompyuta ya bei mbaya, hushiriki."

Programu ya Blender, ya kuchonga maumbo ya pande tatu kwenye kompyuta na inayotumiwa na wabunifu wa dunia nzima, ni ya bure. Msimbo wake uko wazi tangu 2002, baada ya watumiaji wake kuchanga euro 100,000 ili kuukomboa. Leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa, kwa hiyo mwandaaji anaipakua mara moja, anaitia kwenye fleshi na kuisambaza Mwanga, Gungu mpaka Ujiji bila kumwibia mtu. Nashangaa bado kuna vijana wanaohangaika na programu zilizokrakiwa, zenye virusi, wakati hii ipo.

Tatizo liko kwenye toleo. Kuanzia toleo la 4.0, Blender inadai kadi ya picha inayomudu OpenGL 4.3 (OpenGL ni kanuni ambazo programu hutumia kuiagiza kadi ichore), na laptopu nyingi za mtumba hazifiki hapo. Toleo la 3.6 linaridhika na OpenGL 3.3. Tena faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya huenda lisifunguke sawasawa kwenye la zamani. Kwa hiyo sharti la kwanza liwe hili: wote watumie 3.6, majaji wakiwemo.

"Picha kubwa ndiyo kazi nzuri."

Hesabu ni nyepesi. Tekscha, yaani picha inayovalishwa umbo ili siti ionekane ya kitambaa au ya ngozi, ikiwa na pikseli 4096 kwa 4096 inakula megabaiti 64 za kumbukumbu kabla ya kubanwa. Yenye 1024 kwa 1024 inakula megabaiti 4. Sasa weka tekscha kumi za aina ya kwanza, halafu uliweke gari hilo kwenye simu ya kawaida. Weka kikomo, kwa mfano pembetatu 40,000 (vipande vidogo vinavyounda umbo) na tekscha mbili za 1024, na ukiandike. Mishono ya siti haihitaji kuchongwa uzi kwa uzi; picha ya matuta bandia inaudanganya mwanga vya kutosha. Kikomo kinasaidia jambo jingine pia: mwenye laptopu duni anashindana na mwenye mashine kali wakiwa karibu sawa.

"Gari la usukani wa kushoto unaligeuza tu."

Hapa nitakaa, maana watu wa Kigoma wanayajua haya kuliko mikoa mingi. Sisi tunaendesha kushoto, usukani uko kulia. Ukivuka Manyovu kuingia Burundi, au ukivuka ziwa kwenda Kongo, barabarani wanakaa kulia. Modeli nyingi za bure mtandaoni, yaani maumbo ya magari yaliyokwisha kuchongwa, zimetengenezwa kwa magari ya Ulaya na Marekani, usukani kushoto. Mshiriki anapakua moja, anaigeuza kama kwenye kioo, na kwa sekunde chache ana gari "la kwetu".

Halafu mwambie dereva yeyote aliangalie. Namba za spidomita zinasomeka kinyumenyume. Pedeli ya mafuta imehamia kushoto na klachi kulia, wakati kwenye gari halisi klachi iko kushoto, breki katikati na mafuta kulia, usukani uwe upande wowote. Gia nayo imegeuka: gia namba moja, ambayo kwenye magari mengi ya manyuo, ya kubadili gia kwa mkono, iko kushoto kwa juu hata usukani ukihama, sasa iko kulia. Mkono wa indiketa pekee ndio unaotoka salama. Magari ya Ulaya huuweka kushoto kwa usukani, ya Japani kulia, kwa hiyo kugeuza kunaupatia kwa bahati tu. Juu ya hayo, ukigeuza kwa kuweka kipimo hasi ndani ya Blender bila kurekebisha, nyuso za umbo hutazama ndani, na kwenye gemu siti inaonekana kama ina matundu.

Kwa hiyo masharti yaseme wazi: usukani kulia, pedeli na mpangilio wa gia visigeuzwe, maandishi yote yasomeke. Jirani wa ng'ambo ya mpaka akitaka kubuni usukani wa kushoto, aruhusiwe, mradi aandike hivyo kwenye fomu. Asidhaniwe kakosea, wala asilazimishwe, kwani hata Burundi kwenyewe magari mengi ya mtumba kutoka Japani yana usukani wa kulia.

"Ndani ya gari ni mapambo."

Mapambo yana raha yake. Tasbihi au rozari kwenye kioo, siti kava za rangi kali, msemo juu ya kioo cha mbele: daladala bila hivyo ni kama nyumba ya kupanga isiyo na mtu. Lakini kwanza kuna vipimo. Chukua Toyota HiAce ya umbo lililoanza 2004, ile ya bodi nyembamba. Upana wake wa nje ni milimita 1,695, chini kidogo ya kikomo cha mita 1.7 ambacho Japani imekiwekea kundi la magari madogo. Ndani ni pembamba zaidi, kwa sababu milango ina unene. Injini iko chini ya siti za mbele, ndiyo maana abiria wa pale huhisi joto na sakafu imeinuka, na huwezi kuishusha siti ya dereva kama ya gari dogo. Mkono wa gia unachomoza kwenye dashibodi. Mshiriki akiupachika sakafuni katikati ya siti, jaji atajua hajawahi kuchungulia ndani.

Tiba yake ni ndogo: mshiriki aende stendi, amwombe dereva kwa adabu, apime kwa futi ya fundi. Blender kwa kawaida hupima kwa mita, kwa hiyo namba zinaingia moja kwa moja. Kwenye meza ya majaji akae dereva mmoja na fundi anayeshona siti kava. Dereva atakata alama za pambo linaloziba kioo. Fundi ataona mshono usiowezekana.

"Kura za mtandaoni ndizo za haki."

Kura hizo hupima nani ana marafiki wengi. Zipe zawadi yake ndogo, chaguo la watu, na mshindi wa kwanza aamuliwe na majaji wanaoona namba bila majina. Kazi zisioneshwe kabla ya mwisho wa kupokea. Anayetuma picha iliyotengenezwa na akili bandia hahitaji hotuba: dai faili lenyewe, zungusha kamera nyuma ya siti. Picha haina nyuma.

"Ukishatuma, kazi ni ya waandaaji."

Si hivyo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya 1999 na imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1994. Haki huanza kazi inapotengenezwa, hata kabla ya kusajiliwa. Waandaaji waombe kwa maandishi ruhusa ya kuonesha kazi, na basi. Mshiriki naye aliyetumia modeli ya mwingine ataje imetoka wapi na kwa leseni gani. Nembo za kampuni za magari ziachwe nje.

Na viingilio? Ukikusanya hela za washiriki halafu mshindi akapatikana kwa kuchomoa karatasi, umeingia kwenye bahati nasibu, na hiyo inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya 2003. Kama ni lazima kuchangisha, changisha pesa ya umeme na ukumbi, weka risiti, na zawadi itoke kwa mfadhili.