Dhana na ukweli: migahawa ya wanawake wapendanao, kutoka uani Ujiji

Idi iliyopita mpwa wangu alikuja Ujiji kutoka London, anakofanya kazi ya kuhudumia mezani. Tulikuwa uani tunatumbua migebuka, watu wazima watano na watoto wasiohesabika, naye akataja kwa kupita tu kwamba mgahawa wao una alama ya upinde wa mvua mlangoni, ile ya kuwakaribisha wapenzi wa jinsia moja, na kwamba wateja wengi ni wanawake wanaoishi na wanawake wenzao. Visu vikasimama. Maswali yaliyofuata yalimaliza ndoo mbili za samaki. Hapa nimeweka yale yaliyonibakia kichwani, pamoja na niliyoyatafuta mwenyewe baadaye.

Kwanza neno. Nilipokuwa mdogo, msagaji alikuwa yule kijana wa mashine, mweupe unga mpaka kope, tuliyempelekea makopa ya muhogo. Siku hizi ukilitamka watu wanatazamana. Kwa kuwa limeshakuwa tusi, mimi nitasema wanawake wapendanao, na kijana wa mashine abaki na jina lake.

Dhana: "Hilo ni danguro lililopakwa rangi."

Shemeji yangu ndiye aliyelitoa hili, bila hata kuinua uso kutoka kwenye samaki. Mpwa akacheka. "Shangazi, kazi ngumu kuliko zote pale ni kusafisha mashine ya kahawa." Akatueleza asubuhi ya kawaida: mwanamke mmoja na kompyuta yake, chai imepoa mbele yake, wawili wanabishana kuhusu bili ya umeme, mzee mmoja na mbwa wake chini ya meza, ambaye hajui hata alama ya mlangoni inamaanisha nini, yeye anafuata supu.

Sasa huo ukaribisho kwa wanawake wapendanao uko wapi? Uko kwenye vitu vidogo. Wanawake wawili wakikaa, mhudumu haulizi, "Mnamsubiri nani?" Wakiagiza keki ya kumbukumbu ya ndoa, majina mawili ya kike yanaandikwa bila kuulizwa mara ya pili. Wakishikana mikono juu ya meza, meza ya jirani haigeuki kuwa sinema. Basi.

Hata bili ina historia yake. Mwaka 1972 ulifunguliwa New York mgahawa ulioitwa Mother Courage, unaohesabiwa kuwa wa kwanza Marekani kujitangaza kuwa wa watetezi wa wanawake. Wenye nao, Jill Ward na Dolores Alexander, walitaka bili iwekwe katikati ya meza, umbali sawa kwa kila mlaji, isisukumwe upande wa mwanamume. Mvinyo wa kuonja nao haukupewa mwanamume kwa sababu tu ni mwanamume. Niliposoma hayo nikakumbuka hoteli moja hapa mjini nilipomkaribisha mjomba wangu chakula cha mchana. Niliagiza mimi, nikaita bili mimi, ikapelekwa kwake. Mjomba wa watu hakuwa hata na miwani.

Dhana: "Wanaume hawaruhusiwi kuingia."

Wengi wanaingia, wanakula, wanaondoka. London kulikuwa na mkahawa wa vyakula visivyo na nyama, First Out, karibu na Tottenham Court Road, uliofanya kazi kuanzia 1986 hadi 2011. Ulikuwa wazi kwa mashoga, kwa wanawake wapendanao na kwa mpita njia yeyote mwenye njaa. Ijumaa jioni tu ndipo chumba cha chini kilipokuwa cha wanawake. Zipo pia sehemu zilizowafungia wanaume mlango kabisa. Gateways, klabu ya usiku mtaani Chelsea, London, yenye ngazi za kushuka chini ya ardhi, ilikuwa ya wanawake pekee kuanzia 1967 mpaka ilipofungwa mwaka 1985.

Lakini anayekasirikia hilo na atembee nami alasiri moja hapa Ujiji. Kwenye kijiwe cha kahawa kuna birika juu ya makaa, vikombe visivyo na mkono vinagongana, kashata ziko kwenye sahani, wanaume kumi na wawili kwenye benchi wanajadili bei ya dagaa na serikali ya Kongo. Hakuna kibao kinachosema wanawake marufuku. Hakihitajiki. Jaribu tu kukaa pale uone maneno yanavyokatika. Mimi nilikaa mara moja, nikimsubiri bodaboda, na kahawa niliuziwa kwa heshima zote, ila mazungumzo yaliyokuwa moto yakageuka kuwa salamu na hali ya hewa. Nikaondoka kabla ya kumaliza kikombe, nikawaachia baraza yao.

Wazungu wao walikuwa na vibao kweli. Baa ya McSorley's ya New York, iliyoanza karne ya 19, haikumhudumia mwanamke hata mmoja mpaka mahakama ilipoingilia, mwaka 1970. London, baa ya mvinyo ya El Vino ilikataza wanawake kusimama kaunta. Sharti wakakae chumba cha nyuma wasubiri kuletewa. Mwanasheria Tess Gill na mwandishi wa habari Anna Coote waliishtaki, na wakashinda kwenye rufaa mwaka 1982. Hizo si enzi za ukoloni, mimi nilikuwa nimeshazaliwa. Mwanamke asiye na mwanamume pembeni alikuwa mteja wa mashaka, awe anapenda wanaume au asiwapende. Migahawa hii ilizaliwa hapo.

Dhana: "Mambo ya juzi haya, yameletwa na intaneti."

Mwaka 1925 mhamiaji kutoka Poland, Eve Adams, alifungua nyumba ya chai mtaa wa MacDougal, New York. Wasanii walikuja, washairi walikuja, wanawake wapendanao walikuja. Husimuliwa kwamba mlangoni kulikuwa na kibao cha kuwaambia wanaume wanaruhusiwa ila hawakaribishwi. Masimulizi yanapendeza, ushahidi wake ni hafifu. Lenye ushahidi ni hili: mwaka 1926 askari kanzu, mwanamke, alijifanya rafiki yake, akapata kitabu chake kidogo kuhusu wanawake wapendanao, na kitabu hicho kikawa kosa. Alifungwa, kisha mwaka 1927 akarudishwa Poland kwa nguvu. Baadaye aliishi Ufaransa. Vita vilipofika, alikamatwa kwa kuwa ni Myahudi, akapelekwa Auschwitz mwaka 1943. Hakurudi.

Pale uani habari hii ilipita kimya kidogo. Bibi yetu aliuliza tu, "Nyumba ya chai?" Tukasema ndiyo, ya chai.

Dhana: "Miji mikubwa imejaa sehemu hizo, kila kona."

New York ina watu zaidi ya milioni 8, na mwaka 2020 ilikuwa na baa tatu za wanawake wapendanao: Henrietta Hudson, Cubbyhole na Ginger's. Tatu! Mwanga peke yake, hapa Kigoma mjini, ina vibanda vya chipsi vingi kuliko hivyo kabla hujafika stendi. Marekani nzima zilikuwa kama 200 miaka ya 1980. Mwaka huo wa 2020 zilihesabiwa kama 15. Tangu hapo zimeongezeka tena kidogo.

Sababu si fumbo kwa mtu yeyote aliyewahi kupanga fremu. Kodi ilipanda. Wanawake wanalipwa pungufu ya wanaume, kwa hiyo meza ya wanawake wawili mara nyingi ina mfuko mwepesi. Intaneti, ile inayolaumiwa kwa kuzileta, ndiyo iliyosaidia kuzifunga, maana watu wakaanza kutafutana kwenye simu. Na pale mgahawa wa kawaida ulipoacha kuwakodolea macho, baadhi hawakuona tena haja ya kuvuka mji kwa kikombe cha kahawa.

Dhana: "Wakibandika bendera ya upinde wa mvua, wameshamaliza."

Mpwa anasema bendera nyingi hutundikwa Juni, mwezi wa sherehe za wapenzi wa jinsia moja, na kushushwa Julai. Yeye humtazama mhudumu kwanza.

Dhana: "Mwenye mgahawa anamfukuza amtakaye."

Inategemea uko wapi. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inamkataza mwenye biashara kumnyima mteja huduma kwa sababu ya nani anampenda. Afrika Kusini, Katiba ya 1996 inataja ubaguzi huo kwa jina na kuukataza. Kwetu hakuna kinga hiyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa kile inachokiita tendo kinyume na maumbile, na sheria ya adhabu ya Zanzibar inawataja wanawake waziwazi. Kwa hiyo usije Kigoma ukitafuta alama mlangoni, hutaiona, na asiyeiweka ana sababu zake. Ila sheria hizo zinazungumzia matendo. Hakuna kifungu kinachomtuma mama lishe ahoji wanawake wawili wanaogawana sahani moja ya ugali wa muhogo, wala mimi sijamwona anayehoji.

Samaki walipokwisha, Bibi, aliyekuwa amenyamaza muda mrefu, akauliza watu wa huko kwenye huo mgahawa hula nini hasa. Mpwa akasema kinachouzika zaidi ni mkate wa kuchoma uliopakwa parachichi.

"Bei gani?"

"Pauni kumi, Bibi."

Tukamgeuzia kwa shilingi. Bibi akatazama mti wa parachichi wa jirani, uliokuwa ukidondosha matunda bure upande wetu wa ukuta, akanawa mikono, akasema hapo sasa ndipo alipoiona dhambi.