"Ntoto" si ugonjwa wa ulimi

Wiki hii kaletwa mwingine. Mvulana wa miaka saba, mama yake kamshika mkono. "Mwalimu, huyu ana ulimi mzito. Anasema 'ntoto', anasema 'ntu'. Nimeambiwa akakatwe chini ya ulimi." Nafundisha matamshi hapa Mtwara miaka mingi sasa, na neno hilo la kukatwa bado linanichoma.

Nikamwambia mtoto aseme mama, maji, mimi. Akasema yote, m safi kabisa. Sasa mama, m ni sauti ya midomo, ulimi hauna kazi pale. Kwenye "mtoto" m imesimama bila irabu na nyuma yake inakuja t. Ulimi unawahi kwenye ufizi kuingoja t, midomo haifungwi, na pumzi ya puani inatoka n. Huo ulimi si mzito, umewahi! Mchana nao unakuwa "nchana", lakini mpishi anabaki mpishi, kwa sababu p ni ya midomo kama m. Kiswahili sanifu chenyewe kina mchezo huo: nyumba nzuri, nyumba mbaya, n mbele ya z, m mbele ya b. Nazali, yaani sauti ya puani kama m na n, inamfuata jirani yake. Na Unguja, kilikotolewa hicho sanifu, utasikia "nchele" na "nchuzi" jikoni, wala hakatwi mtu.

Eti anayechanganya l na r hajasoma? Aliyekulia lugha yenye l peke yake, sikio lake halijazoea kuzitenga. Msimkaripie arudie rudie. Mtamkieni kula na kura, mahali na mahari, aoneshe kwa kidole mmesema lipi. Sikio kwanza, mdomo baadaye. Kwa hili sibishani na mtu.

Wengine husema Kiswahili huku kililetwa na watu wa Dar, ambao eti hawana lafudhi. Lafudhi kila mtu anayo. Kilwa na Mikindani ni miji ya Waswahili tangu kale, na pwani hii ina lahaja yake, Kimgao. Kiunguja kilichaguliwa tu kuwa msingi wa sanifu, kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928.

Yule mvulana nilimpa kalamu. Akaandika "mtoto", m mwanzoni, mama yake akiangalia. Kwa ajili ya kusoma mbele ya darasa nitamzoeza kufunga midomo kwanza, ahesabu moja, ndipo aende kwenye t. Kwa bibi yake aendelee na "ntoto".