Baba, toa ruhusa kabla hujaenda bahari

Mwanamume mmoja wa Faza, kisiwani Pate, alimleta mkewe kliniki hapa Lamu mimba ikiwa na wiki 32. Alivua viatu, akabaki amesimama mlangoni, hajui aingie au angoje barazani na wanaume wenzake. Nikamsogezea kiti. Nilipofungua kitabu cha kliniki, kwenye ukurasa wa mpango wa kujifungua, nikamwonyesha tarehe ya matarajio. Akahesabu siku za mwezi kwa vidole, kisha akasema, "Sista, hiyo ni bamvua. Saa nne asubuhi Mkanda haupitiki."

Mimi ni mkunga, na hesabu ile ilinigusa. Bamvua ni siku ambazo maji ya bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na Mkanda ni mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakikupwa sana, boti ya kutoka Pate hukwama humo au hungoja yajae. Kupita nje ya Manda, kwenye bahari kuu, wakati wa kusi, upepo mkali wa kusini, si safari ya mama mwenye uchungu. Nikamweleza kwamba mtoto anaweza kutangulia hiyo tarehe hata kwa wiki mbili, au akachelewa. Tukakubaliana wote watatu mama aje akae kwa shangazi yake mtaa wa Langoni, hapa Lamu, tangu wiki ya 37.

Nasimulia hili kwa sababu waume wengi hudhani kushiriki kliniki ni kukaa kwenye benchi katikati ya wanawake, jambo wanaloliona aibu. Benchi si muhimu sana kwangu. Ninachokitaka kwa mume ni uamuzi uliofanywa mapema.

Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza kwamba mama mjamzito hupotea kwa kucheleweshwa mara tatu: kuamua kwenda hospitali, kufika, na kuhudumiwa akishafika. Kwetu ule wa kwanza una jina, unaitwa ruhusa. Mke anatokwa na damu usiku, mume yuko bahari siku ya tatu, simu haishiki, na mavyaa, yaani mama mkwe, anasema tumngoje mwenyewe. Damu ya kondo la nyuma haingoji mtu. Kwa hiyo, baba, kabla hujaondoka sema mbele ya mama yako na mkeo wasikie pamoja: "Mkiona dalili, nendeni, msiningoje." Acha nauli ya boti, na namba za manahodha wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa safarini.

Dalili zenyewe ni hizi: kutokwa na damu, maji kuvunjika kabla ya wakati, homa, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba. Hizo tatu za mwisho hunitia hofu kuliko zote. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na mkojo ukaonyesha protini, kifafa cha mimba kinaweza kuwa karibu, na mama mwenyewe pengine anahisi uchovu tu.

Kuna pia vipimo vinavyomhitaji mume mwenyewe. Kaswende ni mfano. Nikimdunga mke penisilini halafu nikamwacha mume, atamwambukiza tena, na mtoto tumboni yumo hatarini vilevile. Kundi la damu nalo: mke akiwa hasi na mume chanya, mtoto anaweza kurithi damu ya baba, na mwili wa mama ukatengeneza kinga ya kuishambulia damu ya mimba zijazo. Iko sindano ya kuzuia hilo, hudungwa karibu na wiki ya 28 na tena baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni chanya.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8. Mvuvi hataweza yote. Njoo la kwanza, na moja karibu na wiki ya 32.

Ukija, nitakuomba utoke nje kwa dakika chache. Usikasirike. Kila mke ana haki ya kuzungumza na mkunga peke yake, na yako mambo, kama kupigwa nyumbani, asiyoweza kuyatamka mume akiwa pale.

Zahanati moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa ikiwarudisha wanawake waliokuja bila waume. Mmoja alimwazima kaka yake ndipo akahudumiwa. Lile lilikuwa kosa kubwa. Aliyekuja peke yake, awe mumewe yuko Kiunga au hayuko kabisa, apimwe presha siku hiyohiyo, kwa zamu yake.